Rekoda ipi ya rili kwa vitanzi na mwangwi, ukiwa Arusha? Revox B77, TEAC A-3340S, Uher au Portastudio ya kaseti

Mwangwi_Sakina
Wakuu, salaam. Naomba mnilinganishie mashine nne kwa muziki wa majaribio: vitanzi vya mkanda (mkanda uliounganishwa ncha kwa ncha uzunguke bila mwisho), mwangwi mrefu unaojirudia, sauti kinyumenyume, na kukata mkanda kwa wembe. Malighafi ni sauti za hapa hapa: kengele za ng'ombe, misumeno ya chuma ya mtaa wa Unga Limited, mvua kwenye bati, ngoma. Zilizopo mezani ni Revox B77, TEAC A-3340S (inatoka Marekani), Uher 4200 Report ya kubeba, na Portastudio ya kaseti. Hela inatosha mashine moja na matengenezo yake. Umeme wetu mnaujua.

FundiRili_Kaloleni
Kabla ya jina la mashine, soma kibati cha nyuma: volti ngapi, hezi ngapi. Kepstani (mhimili mwembamba unaovuta mkanda) ya A-3340S inazungushwa na mota ya AC inayofuata hezi za umeme. Ya Marekani imepangiwa hezi 60, hapa kwetu ni 50. Transfoma ya kushusha 230 hadi 117 itaikinga mota isiungue, lakini hezi haizigusi kabisa. Mashine itazunguka kwa 5/6 ya spidi yake: sm 19 kwa sekunde inakuwa kama 15.9, na sauti inashuka nusu-toni tatu na ushee. Ukirekodi na kusikiliza humo humo hutagundua kitu. Utagundua siku ukiweka mkanda uliorekodiwa kwenye mashine nyingine.

Dawa yake ni puli (gurudumu dogo la mota linaloamua spidi) ya hezi 50 pamoja na kapasita ya mota inayoendana nayo. Puli ikikosekana, fundi wa kukereza vyuma anaweza kutoa nyingine yenye kipenyo cha mara 1.2 ya ile ya zamani. Tundu lake lisipokaa katikati barabara, sauti itayumba kila mzunguko na hakuna namna ya kuificha.

B77 haina kesi hiyo. Mota yake ya kepstani inapimwa na kurekebishwa kielektroniki, hezi ziwe 50 au 60. Kwangu mimi hapo mjadala umeshaisha.

Kitanzi_Moshi
Shikamoo fundi. Mjadala haujaisha, mzee wangu. B77 ina njia mbili tu (mistari ya sauti inayokaa sambamba kwenye mkanda). A-3340S ina njia nne, na hedi yake (kichwa cha sumaku kinachogusa mkanda) ya kurekodi inaweza kusoma njia iliyokwisha kurekodiwa wakati njia nyingine inarekodiwa. Ndiyo maana tabaka la pili halichelewi nyuma ya la kwanza. Bila hilo, nafasi kati ya hedi ya kurekodi na ya kusoma, tuseme sm 4, inakuchelewesha sekunde 0.21 kwa spidi ya 19. Kwa mtu anayejenga sauti tabaka juu ya tabaka, hilo ni jambo kubwa kuliko puli.

Dada_Santuri
Kaka Kitanzi, uko sahihi, ila kuna swali mmeliruka: mpangilio wa njia kwenye mkanda. Mwangwi_Sakina anataka sauti kinyumenyume. B77 ziko za aina mbili. Kuna ya njia mbili, ambapo kila njia inachukua karibu nusu ya upana wa mkanda, na kuna ya robo. Ile ya nusu, ukigeuza rili juu chini, unasikia rekodi ile ile ikienda nyuma, kushoto na kulia vikiwa vimebadilishana. Ile ya robo, ukigeuza unasikia upande wa pili wa mkanda, yaani kimya au wimbo mwingine. Ukiagiza bila kuuliza, unaweza kuletewa ya robo na lengo lote likafa.

A-3340S inatumia njia zote nne kwa uelekeo mmoja, kwa hiyo ukigeuza, ya 1 inakuwa ya 4 na ya 2 inakuwa ya 3, zote kinyumenyume. Portastudio ya kaseti, nayo ya njia nne, hivyo hivyo. Uher ni 4200 ndiyo ya nusu. 4400 ni ya robo. Zinafanana sana kwa sura, soma namba.

Mwangwi_Sakina
Asanteni, hili la kugeuza sikulifikiria. Na mwangwi mrefu kwa mashine moja unawezekana? Naona wengi wanatumia mbili.

FundiRili_Kaloleni
Unawezekana, kwa kitanzi. Mashine mbili zinafanya kazi hivi: ya kwanza inarekodi, mkanda unavuka hadi ya pili inayosoma, na sauti inarudishwa kwenye ya kwanza kupitia miksa. Zikiachana sm 152, mwangwi unarudi baada ya sekunde 8 kwa spidi ya 19, au 16 kwa spidi ya 9.5. Kwa mashine moja, unafunga kitanzi cha sm 152 na kuizuia hedi ya kufuta isiguse mkanda, tabaka zinajazana zenyewe.

Kosa la kawaida ni kukata waya wa hedi ya kufuta. Usifanye hivyo. Hedi hiyo ni sehemu ya saketi inayozalisha mawimbi ya juu ya kurekodia. Ukiitoa, mawimbi yanahama na rekodi inakuja na mikwaruzo. Pitisha mkanda mbele yake bila kugusa, au weka kipande cha kadi laini kiuinue kama milimita moja. Kadi ya vocha inafaa, kingo zake zikisuguliwa kwa msasa mwembamba.

Hata hivyo tabaka za chini hazidumu. Kila mzunguko hedi ya kurekodi inafuta kidogo, ikianza na sauti kali za juu. Kengele ya ng'ombe ya mzunguko wa kwanza, kufika wa kumi imebaki kama inatoka chini ya blanketi. Wengine hilo ndilo wanalolitafuta. Ukitumia miksa, rudisho lisizidi kiwango cha sauti inayoingia, la sivyo mwangwi unapanda badala ya kufifia na mashine inaanza kupiga mluzi.

Kitanzi_Moshi
Niongeze hesabu ya kukata. Spidi ya 19, mapigo 120 kwa dakika: pigo moja ni sm 9.5, mapigo manane ni sm 76. Sogeza rili kwa mikono mbele na nyuma polepole mpaka usikie ngoma inaanza, weka alama ya penseli nyeupe mgongoni mwa mkanda, katikati ya hedi ya kusoma. Kata nyuzi 45 kama unataka kiungo kisisikike. Kata 90 kama unataka pigo lianze ghafla. Wembe ukishikwa na sumaku, kila kiungo kinaacha tiki, kwa hiyo usiuhifadhi karibu na spika.

Kitanzi kirefu kizungushie chupa ya soda ya kioo iliyojazwa mchanga, isogeze mpaka mkanda unyooke bila kukaza. Kwenye TEAC mkono wa mvutano ukianguka mashine inazima, ufunge juu kwa mpira wa kubania. B77 inatumia taa na jicho la mwanga, kitanzi kikipita hapo inaendelea.

Mama_Kaseti
Nyie wanaume mnamwuzia kijana mzigo wa kilo 17 na bado hamjamwambia mkanda atapata wapi. Mikanda mingi ya zamani inayoletwa na mashine ni ya miaka ya 1970 na 1980, na baadhi, Ampex 456 ikiwemo, gundi yake hunyonya unyevu. Inalia kama bawaba kavu na kuacha tope la kahawia kwenye hedi. Inaweza kuokwa kwa joto la nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa 8 ikachezeka wiki kadhaa, lakini siyo ya kujengea vitanzi. Na rili ambayo mwanga unapenya ubavuni ni asetati (plastiki ya mikanda ya zamani zaidi), hiyo usiioke kamwe. Mkanda mpya unaagizwa nje: RecordingTheMasters wa Ufaransa wana SM911 ya maikroni 50, hiyo ndiyo ya wembe, na LPR35 ya maikroni 35 kwa rekodi ndefu.

Portastudio inakula kaseti. Kitanzi ndani ya ganda la kaseti ni kama sm 23, karibu sekunde 5 kwa spidi ya 4.76, kwenye zinazokwenda 9.5 ni nusu yake. Ganda liwe la skrubu, si la kugundishwa. Ubora wa sauti ni mdogo, kweli. Lakini mtunzi Mmisri Halim El-Dabh alirekodi zar (ngoma ya kupunga pepo) pale Kairo mwaka 1944 kwa rekoda ya waya, ambayo huwezi hata kuikata vizuri, akacheza na vyumba vya mwangwi. Miaka minne baadaye ndipo Pierre Schaeffer, Mfaransa anayetajwa sana kama mwanzilishi wa muziki wa aina hii, akasikika Paris.

Dada_Santuri
Uher tumeisahau. Betri tano kubwa, rili za sm 13, haijali umeme ukatike au la. Ila 4200 ya kawaida ina hedi moja ya kurekodi na kusoma, kwa hiyo huwezi kusikia mwangwi huku unarekodi. Yenye hedi tatu imeandikwa Monitor. Kwa kurekodi Unga Limited haina mpinzani. Kwa vitanzi vya mezani, hapana.

Mwangwi_Sakina
Basi B77 ya njia mbili. Mama, shikamoo, Portastudio nitaifuata baadaye. Inverta ya nyumbani itaiendesha umeme ukikatika?

FundiRili_Kaloleni
Kama inatoa wimbi safi. Zile za wimbi la ngazi zinapasha mota joto na kuleta mvumo kwenye rekodi. Na kabla hujaiwasha mara ya kwanza, fungua, tafuta kapasita za plastiki angavu zilizo kwenye njia ya umeme mkubwa. Zikiwa na nyufa kama yai la kuchemsha, badilisha zote kwa X2 (kapasita za usalama za umeme wa ukutani) za volti 275. Usiziache eti mashine inawaka; zinapasuka na moshi wake haukai siku moja chumbani.