Coaster ya Moshi–Arusha au Hiace ya mjini? Na treni ikianza je?

MtotoWaKiboriloni
Habari za jioni wakuu. Kuna hela kidogo ipo, nataka kuiweka kwenye gari ya abiria. Najishauri kati ya Coaster ya kupiga Moshi–Arusha na Hiace ya hapa hapa mjini, ruti ya hospitali ya KCMC au Majengo. Nilishaegemea Coaster, ila kuna maneno yanazunguka Moshi kwamba reli wataweka treni ya kwenda Arusha asubuhi na kurudi jioni, kama ile ya mjini Dar. Isije ikawa nanunua gari leo, kesho abiria wote wako stesheni. Wenye uzoefu naombeni ushauri. Matusi hapana.

Chalii_wa_Unga
Hela kidogo ni shilingi ngapi? Gari ya mkononi au ya kuagiza? Utaendesha mwenyewe au utaweka dereva? Unauliza bei ya ng'ombe, hujasema kama unataka maziwa au nyama.

Mama_Kahe
Na hayo maneno ya treni umeyatoa wapi mwanangu?

MtotoWaKiboriloni
Kwa kinyozi, hapo Mbuyuni. Lakini na jamaa mwingine wa Njoro alisema hivyo hivyo.

Mama_Kahe
Kinyozi. Haya.

Fundi_Sakina
Mkuu chukua Coaster, na ukichukua hakikisha ina injini ya 1HZ. Usidanganywe na zile za turbo, eti zinapanda vizuri. 1HZ haina mbio, ila fundi yeyote kuanzia Himo mpaka Kisongo anaifungua amefumba macho, na spea ziko kila duka. Turbo ikikufia utalaza gari wiki tatu unasubiri kitu kutoka Dar.

Kingine ambacho watu hawaangalii ni breki. Ruti yako ina mteremko wa Kikafu. Gari ikishuka pale imejaza, na dereva mwenyewe anaenda na breki mguuni badala ya kuweka gia, ukisimama darajani unasikia harufu ya lining'i zinaungua. Nimebadilisha lining'i za gari moja mara mbili ndani ya miezi minne, dereva yule yule. Alipotolewa dereva, lining'i zikakaa mwaka.

Hiace za mjini sikushauri. Sasa hivi bajaji zimejaa kila kona, mtu kutoka Majengo hasubiri gari ijae. Huyo ndiye mshindani wako, treni iache.

MzeeStesheni
Vijana mnaongelea treni kama kitu kigeni. Reli hii Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, Moshi ikafika 1911, Arusha ikaja kufika 1929. Sisi tumepanda treni kwenda shule, na mabasi yalikuwepo. Halafu treni za abiria zikakatika miaka mingi, majani yakaota mpaka kwenye mataruma, ndipo Desemba 2019 treni ya Dar ikarudi Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Niambie, ni Coaster gani iliyopaki kwa sababu ya hiyo treni?

Mpare_Msomi
Mzee shikamoo. Naomba kurekebisha kidogo, reli Moshi ni 1912.

MzeeStesheni
Marahaba. Ilifika 1911. Februari 1912 ndiyo wakafanya sherehe ya kuifungua. Nyumba unaanza kuishi siku ya kuhamia au siku ya kumwita padri?

Mpare_Msomi
Rasmi ni siku ya kufunguliwa mzee wangu. Ndiyo maana ya rasmi.

Chalii_wa_Unga
Sasa hawa wawili watatumaliza. Mtoa mada rudi hapa ujibu maswali.

Abiria_wa_Saa12
Mimi nakaa Moshi, kazi Arusha, nakwenda na kurudi siku tano kwa wiki. Kwa hiyo mimi ndiye yule abiria mnayemgombea.

Hiyo treni ya Dar nilijaribu siku moja kuidandia Moshi nikashukie Arusha, nione tu. Ni nzuri, una nafasi ya kunyoosha miguu, watoto wanachungulia dirishani, mama mmoja kaja na ndizi za kuchemsha kwenye hotpoti tukala wote. Lakini inatambaa. Basi lililoondoka muda ule lilishafika, likashusha, likageuza. Na siwezi kuilaumu. Moshi iko kama mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, Arusha 1,400, kwa hiyo kwa jumla unapanda, na reli ni ile ile ya mita moja, njia moja. Mkikutana na treni ya mizigo mmoja anangoja kwenye kipishanio.

Wakiniwekea treni ya uhakika inayonifikisha kazini saa mbili kasoro, naacha Coaster siku hiyo hiyo, wala sirudi nyuma. Nimechoka kukaa kwenye kile kiti cha katikati nimepakata begi la mtu nisiyemjua. Nimechoka na tochi za trafiki pia, kila tukifika kibao cha 50 gari inatembea kama inakwenda kuzika, halafu ikitoka hapo dereva anataka kufidia.

Fundi_Sakina
Tochi zinakuokoa wewe.

Abiria_wa_Saa12
Najua. Bado nimechoka.

Moro_Kwetu
Wakuu niwape picha ya huku. Nafanya kazi Morogoro tangu kabla ya SGR, ile reli mpya ya kisasa. Treni ya Dar–Moro ilipoanza Juni 2024, nauli ya kawaida 13,000 na unafika chini ya saa mbili, mabasi ya stendi ya Msamvu yalipata kibano cha kweli. Basi liende masaa manne na zaidi, foleni ya Kimara juu, nani atakaa humo? Jirani yangu alikuwa na basi la Dar–Moro, amelihamishia njia nyingine kabisa.

Lakini angalieni nani hakuguswa. SGR haipiti Chalinze. Wa Chalinze bado ni wa basi. Na stesheni yenyewe iko Kihonda, siyo mjini, kwa hiyo bodaboda na daladala za Kihonda zimepata ulaji mpya. Mwenye basi la safari ndefu ndiye aliyelia, wa gari ndogo za kulisha stesheni anacheka.

Mama_Kahe
Hapo umesema kitu. Na hii reli yetu haipiti Boma Ng'ombe, inapita huko chini tambarare, Rundugai. Mtu wa Machame, wa Masama, wa Kwa Sadala, ateremke mpaka Rundugai kutafuta treni? Na mizigo? Mimi napeleka ndizi soko la Kilombero, Arusha, mikungu sita juu ya keria, konda ananijua, ananishushia mlangoni mwa soko. Treni itanishushia wapi?

Chalii_wa_Unga
Mama wewe nauli ya ndizi unalipa?

Mama_Kahe
Nalipa kuliko wewe unavyolipa ya kichwa chako.

DadaSoweto
Nimesoma yote, mnabishana treni. Ngoja niwaambie kilichokula gari yangu mimi.

Nilinunua Coaster ya mkononi kwa mkopo wa kikundi, ruti hii hii ya Moshi–Arusha. Dereva nilipewa na mtu wa kanisani, mtaratibu, anaitikia "sawa dada" mpaka unaona aibu kumkagua. Miezi mitatu hesabu inaingia kila jioni bila kupungua. Nikaanza kujiona tajiri, nikasema mwakani naongeza ya pili.

Mwezi wa nne zikaanza hadithi. Leo abiria hamna, leo trafiki wamemwandikia, leo pampu ya dizeli. Gari iko gereji, dada tuma ya spea. Natuma. Jumamosi moja naambiwa imelala gereji Boma tangu Alhamisi. Mimi siku hiyo niko Marangu kwenye harusi ya mtoto wa shangazi. Tunatoka kanisani, naona Coaster inaingia na kwaya, wameifunga maputo mbele. Namba yangu. Konda akaniona kabla dereva hajaniona, akashuka kupitia dirishani upande wa pili.

Lakini hilo la spesho ningesamehe. Kilichoniuma ni tairi. Nilikuwa nimenunua tairi nne mpya, na kwa sababu mama yangu alinifundisha nisimwamini mtu, nilizipaka rangi ya kucha kwa ndani, kidoti kidogo chekundu karibu na rimu. Siku ile nikiwa na gauni la harusi nikainama chini ya gari na tochi ya simu. Kidoti kiko kwenye tairi moja tu. Tatu zilishauzwa, nimewekewa vipara vilivyochorwa chorwa upya kwa kisu.

Gari niliiuza kwa hasara, mkopo nimemaliza juzi juzi. Treni haikunigusa hata kidogo. Kwa hiyo swali la Chalii mwanzoni ndilo swali: nani ataendesha?

Fundi_Sakina
Dada pole sana. Hizo za kuchora kwa kisu nazijua, zikipata moto Kikafu zinapasuka kama baruti.

Kisongo_Boy
Ila DadaSoweto si madereva wote. Mimi ni deiwaka, dereva wa kutwa, miaka sita. Tajiri anaweka hesabu kubwa, siku mvua imenyesha anataka ile ile, ushuru wa stendi wangu, wapiga debe wangu, tochi zangu. Dereva akale wapi? Matajiri wengine ndio wanatufundisha wizi.

DadaSoweto
Tairi tatu nazo nilikufundisha mimi?

Kisongo_Boy
Tairi hapana. Tairi ni roho mbaya.

MtotoWaKiboriloni
Samahani wakuu, bando liliisha. Nijibu. Hela ni milioni 48. Siyo yangu peke yangu, ni kiinua mgongo cha mama, alikuwa mwalimu, amestaafu mwaka huu. Mimi leseni ninayo ya gari ndogo tu, daraja la abiria bado. Dereva tumeshampata, ni binamu.

Chalii_wa_Unga
Mungu wangu. Kiinua mgongo cha mwalimu. Ungesema hilo kwenye mstari wa kwanza tusingepoteza muda na Wajerumani wa 1911.

Mama_Kahe
Mama mwenyewe anataka gari au unataka wewe?

MtotoWaKiboriloni
Mama anataka vyumba vya kupangisha.

Mama_Kahe
Kinyozi unamsikiliza, mama humsikilizi.

Mpare_Msomi
Tusiende haraka. Kwa milioni 48 Coaster utakayopata ni iliyochoka. Bado bima, leseni ya usafirishaji ya Latra, tairi, na akiba ya gereji. Ukitumia hela yote kwenye kununua, ikiharibika wiki ya kwanza umekwama. Hiace inabakiza kitu mfukoni. Hoja ya bajaji ya Fundi ni kweli, lakini ruti ya KCMC ina wagonjwa, wauguzi na wanafunzi, haikauki. Na treni ikija au isije, hakuna mtu atakayepanda treni kwenda KCMC.

Fundi_Sakina
Ruti ya KCMC ina Hiace ngapi sasa hivi? Hesabu pale stendi asubuhi halafu urudi hapa.

Mpare_Msomi
Na Coaster za Arusha umezihesabu?

MzeeStesheni
Dar hapo treni ya mjini, ile ya waziri Mwakyembe, ilianza Oktoba 2012. Daladala zilikufa? Watu wanaongezeka kuliko magari na treni zote kwa pamoja. Mimi nasema anunue Coaster, ila binamu akae pembeni.

Moro_Kwetu
Mzee, Mwakyembe ilikuwa reli ya zamani, mabehewa machache, asubuhi na jioni tu. SGR ni kitu kingine. Siku ile reli mpya ya Tanga–Arusha–Musoma wanayoitaja kila mwaka ikijengwa, hapo ndipo tutaongea.

MzeeStesheni
Siku hiyo Coaster yake itakuwa chuma chakavu tangu zamani. Imeshamlipa.

DadaSoweto
Au imeshamfilisi.

Abiria_wa_Saa12
Mimi naona anunue tu, na aweke viti vya kweli, siyo vya kubana magoti. Nitakuwa abiria wake wa kwanza. Inatoka saa ngapi?

MtotoWaKiboriloni
Asanteni wote. Niseme tu ukweli, kuna Coaster moja Himo nilishaipigia hesabu na binamu ametoa advansi jana. 1HZ. Kesho nampeleka mama kuiona.

Fundi_Sakina
Usilipe mpaka fundi afungue. Angalia rejeta kama ina mafuta, angalia moshi ikiwashwa baridi. Ukitaka nije, nauli yangu tu.

DadaSoweto
Nunua na rangi ya kucha.

Mwanamke_wa_Desemba
Samahani kwa kuingilia, nimekuta mnaongelea treni. Mimi niko Dar, nataka kurudi Moshi Krismasi na watoto watatu, mabasi mwezi huo najua yatakavyokuwa. Tiketi za daraja la kulala kwenye treni zinaanza kuuzwa siku ngapi kabla? Na mbuzi wanaruhusu?

Mama_Kahe
Mbuzi mzima au aliyechinjwa?