Lami natembea vizuri, ila nikipunguza mwendo kugeuza pikipiki inanishinda

Muuza Mayai:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wenye uzoefu. Nina Boxer 150 nimeinunua mkononi mwa mtu, nasambazia mayai maduka ya huku Chanika mpaka Gongo la Mboto. Nikiwa lami nikishaingiza gia ya tatu natulia kabisa, shida ni vichochoroni na nikitaka kugeuza, yaani inayumba, nashusha miguu yote miwili, nikiachia klachi inaruka mbele nikiibana inataka kulala. Juzi nimegeuza mbele ya duka la mteja kwenye kokoto, nimekata steringi yote kulia nikaona naukaribia ukuta nikabana breki ya mkono, hapo hapo ikalala. Trei sita, mayai 180, na ekzosi ikanibabua mguu. Je, ni mazoezi tu au na pikipiki ina tatizo? Maana mimi nilifundishwa siku mbili uwanjani ikawa basi.

Mzee wa Kijiweni:
Pole sana mdogo wangu, huo mguu usiupake mafuta wala dawa ya meno, kama limetoka lengelenge usilipasue, nenda kituo cha afya.

Sasa kilichokuangusha ni breki ya mkono. Steringi ikiwa imekatwa ukibana breki ya mbele mwendo wa kinyonga pikipiki inalala, hata mwenye miaka 20 barabarani inamlaza. Mwendo mdogo breki ni ya mguu tu, vidole vya mkono wa kulia vitoe kabisa kwenye breki. Halafu klachi usiiachie yote wala usiibane yote, kuna pale katikati inapoanza kukamata unaisikia pikipiki inataka kuondoka, kaa hapo hapo. Resi iweke kidogo isibadilike, mguu ukanyage breki ya nyuma kwa mbali, mwendo unaucheza kwa klachi. Ukifanya hivyo injini inavuta na breki inazuia kwa pamoja, pikipiki inatulia kama umeishika kiunoni. Na macho bwana! Ulipouangalia ukuta ndio ukaufuata, geuza shingo uangalie unakotaka kutokea.

Fundi Cheni:
Anayosema mzee ni kweli ila pikipiki ya mkononi ikague kwanza. Cheni ikilegea sana inarusha kila ukigusa resi, pikipiki nyingi ndogo inatakiwa icheze kama sentimita 2 mpaka 3 pale katikati. Waya wa klachi nao uwe na uhuru kidogo kabla haujaanza kuvuta, ukikaza sana klachi inateleza, ukilegea sana haiachii vizuri ndio hiyo kuruka. Kisha weka stendi kubwa, mtu akandamize nyuma tairi la mbele linyanyuke, zungusha steringi taratibu kushoto kulia. Ukisikia inanasa katikati bering za steringi zimekwisha, na hapo hata ufanye mazoezi mwaka mzima itayumba tu. Na usiogope kuibana klachi nusu, sahani zake zinaogelea kwenye oili, dakika chache haziungui, ukisikia harufu pumzika.

Dada wa Bodaboda:
Kaka mimi nilikuwa hivyo hivyo, nilikuwa naogopa kugeuza mpaka nazunguka mtaa mzima. Japani kwenye mtihani wa leseni wana ubao upana sentimita 30 urefu mita 15, unapita juu yake taratibu, wa pikipiki kubwa inabidi atumie sekunde 10 au zaidi, akiwahi anakatwa maksi, akidondoka nje amefeli. Mimi nilichora mistari miwili kwa majivu uwanjani nikawa nahesabu. Mwanzo nilipita kwa sekunde 5, wiki ya pili nikafika 11 miguu iko juu.

Ukishaweza huo weka malapa mawili umbali wa hatua kama nane uzunguke namba 8. Hapo pikipiki iache ilale kidogo ndani ya kona ila wewe mwili ubaki wima, kalio lisogee upande wa nje. Mwisho funga madumu ya maji kwenye keria, maana wewe unabeba mzigo na mzigo unabadilisha kila kitu. Vaa elementi na viatu vya kufunika, usifanye na ndala.

Muuza Mayai:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Cheni kweli ilikuwa inaning'inia, imekazwa. Leo asubuhi nimefanya saa nzima, mistari ya majivu nimefika sekunde 8. Namba 8 kugeuza kushoto naweza bila kushusha mguu, kulia bado, kila nikikata inaruka yenyewe.

Mzee wa Kijiweni:
Safi sana kijana! Hiyo ya kulia ni mkono wa resi, steringi ikija upande wako kiwiko kinakunjika na kifundo kinazungusha resi bila wewe kujua. Kabla hujaingia kona shusha kiwiko kikae karibu na mbavu, shika resi kwa vidole vya mwisho, usiikumbatie kwa kiganja. Anza na duara kubwa, likikaa sawa ndio upunguze. Na mayai acha nyumbani mpaka ya madumu uyaweze pande zote mbili.