Pugu Sekondari ilikuwa shule ya nani Mwalimu Nyerere alipofundisha pale?

Mwl_wa_Ukonga

Wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha Historia kidato cha pili katika shule ya kata huku Ukonga, na wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Nilikuwa nimeliambia darasa kwamba TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, rais wake wa kwanza, Julius Nyerere, alikuwa bado anaingia darasani Pugu na chaki mkononi. Binti akanyoosha mkono akasema: "Mwalimu, Pugu ni shule ya serikali. Iweje serikali ya mkoloni imlipe mshahara mtu anayetaka kuiondoa madarakani?" Darasa zima likageuka kunitazama.

Nilimwambia kwamba nitamletea jibu, na ninataka kulitimiza neno langu. Naomba wenye ufahamu wanieleze shule hiyo ilikuwa mali ya nani miaka ile, na iliingiaje mikononi mwa serikali. Aidha, kwa kuwa nimepanga kuwapeleka wanafunzi wangu huko, ningefurahi kumsikia mtu aliyesoma pale akieleza maisha ya mwanafunzi yalivyokuwa, kwa sababu vijana hawa wamezaliwa katika zama za shule za kutwa na bweni kwao ni hadithi tu.

Kumbukumbu_za_Pwani

Mwalimu, mfikishie binti huyo pongezi zangu, kwa maana ameligusa jambo ambalo watu wazima wengi hulipita. Jibu fupi ni kwamba Pugu haikuwa shule ya serikali. Iliitwa St. Francis' College, nayo ilikuwa ya Kanisa Katoliki. Nyerere aliajiriwa na misheni mwaka 1953, baada ya kurudi kutoka masomoni Edinburgh.

Jibu refu ndilo lenye utamu. Mwezi Aprili 1953 Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa TAA, chama kilichokuja kuzaa TANU. Agosti ya mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikatoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Waraka huo uliwaumiza sana wanachama wa TAA, kwa sababu wasomi wengi wa Kiafrika wa wakati ule walikuwa makarani, matabibu na walimu waliokula mshahara wa serikali, na kila mmoja alilazimika kuchagua kati ya chama na riziki ya watoto wake. Nyerere, kwa kuwa mwajiri wake alikuwa misheni, hakufungwa moja kwa moja na waraka ule. Kwa hiyo mwambie binti kwamba wasiwasi wake ni sahihi kabisa: kama angekuwa mwalimu wa shule ya serikali, kwa mfano Tabora Boys alikosoma mwenyewe, asingeweza kukiongoza chama na kuendelea kufundisha. Binafsi naona kwamba hali hiyo ya Pugu, kuwa shule ya misheni na kuwa jirani na Dar es Salaam, imechangia historia yetu kuliko tunavyokubali.

Naongeza kidogo kuhusu mahali penyewe. Misheni ya Pugu ni ya zamani mno. Wabenediktini walifungua kituo chao pale mwaka 1888, na Januari 1889, katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, kituo kilivamiwa, baadhi ya wamisionari wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Wanafunzi wako wakifika kwenye vilima vile, waambie kwamba wamesimama mahali palipoonja upinzani dhidi ya ukoloni miaka 65 kabla ya TANU.

Mkazi_Gongo_la_Mboto

Shukrani kwa maelezo. Nami nilifundishwa kwamba wakoloni walimfukuza Mwalimu Nyerere kazi ya kufundisha Pugu baada ya kwenda Umoja wa Mataifa. Hilo nalo liingizwe kwenye jibu la binti.

Kumbukumbu_za_Pwani

Ndugu yangu, hapo tuwe waangalifu, kwa sababu mwalimu anakwenda kuliandika ubaoni. Hakufukuzwa, alijiuzulu. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na safari ile iliwaudhi sana watawala. Shule za misheni hazikuwa mali ya serikali, lakini zilitegemea ruzuku yake, na kwa njia hiyo mkono wa serikali uliweza kufika hadi ofisi ya mkuu wa shule. Aliporudi aliwekwa mahali pa kuchagua kati ya ualimu na siasa, naye akachagua siasa, akaandika barua ya kuacha kazi. Baadaye alirudi nyumbani Butiama, na kwa muda alipata riziki kwa kumfundisha Kizanaki, lugha ya kwao, padri wa shirika la Kikatoliki la Maryknoll. Unaona kwamba hata alipouacha ualimu, ualimu haukumwacha.

Kuhusu umiliki: baada ya Azimio la Arusha na andiko la Elimu ya Kujitegemea, yote ya mwaka 1967, ilitungwa Sheria ya Elimu ya 1969, na kwa sheria hiyo serikali ikazitwaa shule za mashirika ya dini. St. Francis' College ikawa Shule ya Sekondari Pugu, ya umma hadi leo. Kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kumlea Benjamin Mkapa, aliyesoma pale kabla ya kwenda Makerere, na ambaye baadaye alikuwa Rais wa awamu ya tatu.

Njuka_wa_Zamani

Mwalimu, mimi nilisoma Pugu miaka iliyofuata kutaifishwa, kwa hiyo nitaeleza lile ambalo sheria hailiandiki.

Niliteremka kwenye treni nikiwa na tranka la bati lililoandikwa jina langu kwa rangi nyeupe, kazi ya mkono wa marehemu baba, ambaye herufi ya mwisho ilimkosea nafasi akaipindia pembeni. Lile jina lililopinda ndilo lililonipa jina la utani kwa miaka yote ya shule. Sisi wa kidato cha kwanza tuliitwa njuka, na njuka alitambulika kwa mbali: shati lake lilikuwa bado na mikunjo ya dukani, naye alikuwa akiuliza bwalo liko wapi huku amesimama mbele yake.

Siku ilianza alfajiri giza likiwa bado limetanda. Kengele iligongwa, na kabla usingizi haujatoka machoni tulikuwa kwenye mchakamchaka, tukiimba huku umande wa vilimani ukitulowesha miguu. Kisha usafi wa maeneo, uji, paredi, darasani. Mchana ugali na maharage. Alasiri kulikuwa na siku za michezo na siku za shamba, na shamba halikuwa adhabu, lilikuwa sehemu ya masomo. Elimu ya Kujitegemea kwetu ilikuwa na mpini. Usiku tulirudi darasani kwa prepo, na nyakati hizo treni ikipita bondeni vichwa vyote viliinuka kutoka kwenye madaftari, kila mmoja akihesabu kimoyomoyo siku zilizobaki kabla ya likizo.

Lakini ukiniuliza kutaifishwa kulileta nini, nitakuonyesha chumba changu cha bwenini. Kitanda cha juu yangu alilala kijana wa Kigoma, Mwislamu, aliyeswali alfajiri bila kumwamsha mtu. Mkono wa kulia alikuwa Mhaya, mkono wa kushoto Mmakonde, na mimi ni Mgogo. Wote tulichaguliwa na serikali kwa matokeo ya darasa la saba, na hakuna aliyeulizwa anasali wapi. Tuligawana sabuni, tukafundishana hesabu kwa Kiswahili ingawa kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na mwezi wa Ramadhani sisi tusiofunga tuliona aibu kula mbele ya wenzetu hata pale ambapo hawakutukataza. Yule wa Kigoma ndiye aliyesimama upande wangu siku niliyofunga ndoa. Wapo wanaosema kwamba misheni ilisimamia taaluma vizuri zaidi, nami sibishani nao, kwa maana waliotutangulia walikuwa mahodari kweli. Hata hivyo, chumba kile kisingewezekana chini ya utaratibu wa zamani.

Jambo moja la kuwafundisha kwa miguu: wakati wa TANU changa Mwalimu Nyerere alikuwa akitembea kutoka Pugu hadi mjini kwa shughuli za chama, kisha akarudi kufundisha. Ni kilomita zipatazo 20 kwenda pekee, kwa njia ambayo siku hizi inaitwa Barabara ya Nyerere. Sisi tuliijua habari hiyo tukiwa wanafunzi, na kila tulipokosa nauli kuna mkorofi mmoja aliyetukumbusha.

Mwl_wa_Ukonga

Shikamoo Njuka wa Zamani, na asanteni sana nyote. Kumbukumbu, maelezo yako kuhusu waraka wa Agosti 1953 nimeyasoma mara tatu, na kesho kipindi cha kwanza nitamwita binti yule aje ubaoni ayaeleze yeye mwenyewe, kwa sababu swali ni lake. Nitasahihisha pia neno "alifukuzwa", ambalo limo katika daftari langu la maandalio tangu nilipoanza kazi.

Kuhusu ziara, nimebadilisha mpango. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na mwenye basi atupeleke hadi getini. Sasa basi litatushusha Gongo la Mboto na kipande cha mwisho tutakipanda kwa miguu, kila mwanafunzi akiandika saa aliyoanza na saa aliyofika, kisha darasani tutapiga hesabu ya safari nzima hadi mjini na kurudi.

Njuka_wa_Zamani

Marahaba, mwalimu. Ondokeni mapema kabla jua halijapanda, na wabebe maji. Mkipanga siku nijulishe, nitawangoja hapo juu.