Nguo ya kuogelea ya mwanaume: bukta pana, ya kubana hadi gotini, au kichupi?

Mgeni_wa_Maji (Dar es Salaam)
Wakuu, habari za Jumapili. Nimeanza kujifunza kuogelea bwawani na mwalimu kaniambia hii bukta yangu ya mpira ndiyo inayonizamisha, nitafute ya kuogelea kweli. Dukani nimeoneshwa aina tatu: bukta pana za ufukweni, ile ya kubana inayoshuka hadi gotini, na kichupi. Nilipowatumia washkaji picha ya hiyo ya kubana, wameishia kuniita "dada" kwenye grupu hadi leo. Naombeni faida na hasara za kila moja, hasa kutoka kwa aliyewahi kuvaa ya kubana na akabaki mwanaume.

Kocha_Upanga
Mwalimu wako yuko sahihi. Bukta pana ina mifuko, mifuko inajaa maji, kitambaa kinapepea, na kila ukipiga teke unaburuta mzigo. Miguu inashuka, mwanafunzi anadhani tatizo ni pumzi. Kama ni ya pamba ndiyo balaa: inanyonya maji, na nyuzi zake zinaziba chujio la bwawa, ndiyo maana sehemu nyingi wanaikataa.

Kichupi ndicho chepesi kuliko vyote, mapaja yako huru hasa ukiogelea mtindo wa chura, na kinakauka upesi. Ya kubana ipo katikati. Kwa mtu mzima anayeanza, mimi huwa nashauri hiyo. Soma lebo: poliesta inavumilia klorini, spandeksi (zile nyuzi zinazovutika) ikizidi inalegea mapema. Ikilegea nyuma, hapo watakucheka kwa haki.

Chuma_cha_Pua
Mwanaume kamili havai kitu cha kubana. Tumeanza na suruali za modo, sasa tunahamia kwenye vichupi. Nunua bukta pana, yaishe.

Kocha_Upanga
@Chuma_cha_Pua mkuu, tafuta picha za Simba na Yanga za miaka ya 80. Bukta zinaishia pajani kabisa na zimebana. Wale nao tuwaite nani?

Chuma_cha_Pua
Ile ilikuwa michezo.

Kocha_Upanga
Na kuogelea ni nini, kilimo?

Mtoto_wa_Forodhani (Unguja)
Assalaam alaykum. Naona mnachanganya mambo mawili. Hapa kwetu vijana wa makachu wanajirusha kutoka ukutani Forodhani na bukta zao, wengine na suruali, na hakuna anayetilia shaka uanaume wao. Suala letu ni stara. Sisi Washafii uchi wa mwanaume ni baina ya kitovu na goti. Kichupi hakimo kabisa. Ya kubana inafunika ngozi lakini inachora umbo, na kwa hilo moyo wangu haukai. Mimi navaa bukta pana iliyovuka goti, yenye kamba imara, nami baharini sishindani na mtu. Huyo anayecheka rafiki yake kwenye grupu hatetei dini wala mila, anacheka tu.

Kaka_wa_Lyon (Ufaransa)
Huku mngeshangaa. Mabwawa ya manispaa kwa kawaida yanakataa bukta pana. Sababu wanayotoa ni usafi: bukta hiyo mtu anaweza kuwa ameshinda nayo barabarani. Mara ya kwanza nilizuiwa mlangoni, nikaoneshwa mashine inayouza vichupi kama ile ya soda. Ndani nikakuta wazee wa miaka 70, vitambi mbele, vichupi, na hawana habari. Mwanaume anayeonekana mshamba pale ni yule aliyekuja na bukta ya maua. Ila wakienda ufukweni vijana haohao wanarudi kwenye bukta pana. Basi huo uanaume unabadilika kutegemea umeingia mlango gani.

Mpekuzi_Nairobi
Na unabadilika na miaka pia. Bondi kule Sydney, sheria ya 1935 ilimtaka mwanaume afunike kifua akiwa ufukweni, na wakaguzi walitembea wakitazama nani kavunja. Ilifutwa 1961. Marekani nako, hadi miaka ya 1930 mwanaume kifua wazi angeweza kutozwa faini. Leo kifua wazi ndiyo picha yenyewe ya mwanaume ufukweni! Hizo bukta pana mnazoziona za kiume tangu enzi za Adamu zilitoka kwa wateleza mawimbini.

Mwogeleaji wetu wa Kenya, Jason Dunford, alipomaliza wa 5 mita 100 za kipepeo Beijing 2008, ulikuwa msimu wa nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima. Mwaka uliofuata, mashindano ya dunia pale Roma yalivunja rekodi 43. Ikabidi shirikisho la kimataifa la kuogelea lizipige marufuku nguo hizo kuanzia Januari 2010. Kanuni ya wanaume ikawa: nguo isivuke kitovu kwenda juu, isivuke goti kwenda chini.

Mtoto_wa_Forodhani (Unguja)
Kitovu na goti! Subhanallah, wamefika mahali pale pale. Tofauti ni kwamba wao wamesema usizidishe, sisi tunasema usipunguze.

Mama_Watoto_Wawili
Niwaambie siri: kule bwawani sisi wanawake tunawaangalia watoto wasizame. Wanaokagua mapaja ya wanaume ni nyinyi wenyewe.

Mgeni_wa_Maji (Dar es Salaam)
Dada umenimaliza 😂. Basi nachukua ya kubana. @Kocha_Upanga, naweza kuvaa bukta juu yake?

Kocha_Upanga
Vaa hadi ukingoni, kisha ivue. Ukiingia nayo majini umerudi kulekule. Na unapojaribu dukani, ikae imebana hadi uone umekosea saizi, kwa sababu ikilowa inaachia kidogo. Ukitoka, isuuze kwa maji baridi uianike kivulini.