Mjadala: Ufadhili wa bure wa chuo kikuu utolewe kwa alama tupu, au tuangalie na mahali alama hizo zilipopatikana?

Wadau, salaam.

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka hoja hii huibuka, watu wakarushiana maneno siku mbili tatu, kisha ikazimika. Naomba safari hii tuikalie vizuri.

Kwa ambaye hajaifuatilia: tangu mwaka wa masomo 2022/23 kuna ufadhili wa Serikali ya Tanzania uitwao Samia Scholarship. Ulianza na bajeti ya shilingi bilioni 3, unasimamiwa na Bodi ya Mikopo (HESLB), na unawalenga waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa kwenye tahasusi (michepuo ya masomo) za sayansi kidato cha sita, wakadahiliwa vyuo vya hapa nchini kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Anayeupata anagharamiwa kila kitu: ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo, utafiti, hadi bima ya afya. Akimaliza hadaiwi. Wengine, tena wale waliobahatika, wanaangukia kwenye mkopo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili nisionekane nazunguka. Ufadhili huu ubaki na uongezewe fedha. Kinachotakiwa kubadilika ni kigezo. Alama za mwanafunzi zisomwe pamoja na shule zilikopatikana, na aliyepanda juu zaidi kuliko mazingira yake yalivyomruhusu ndiye awe wa kwanza kwenye foleni.

Nafundisha kemia, kidato cha tano na sita. Nilianzia shule binafsi ya bweni yenye jina, sasa niko shule ya serikali ambayo zamani ilikuwa shule ya kata ya kutwa, ikaongezewa mabweni na kidato cha tano. Nimeziona pande zote mbili nikiwa na chaki mkononi. Kule kwa kwanza kila mwanafunzi alikuwa na bureti yake (mrija wa kupimia kimiminika maabara), praktiko ilikuwa kila wiki, na ikifika mwezi wa pili wa kidato cha sita walikuwa wameshafanya mitihani ya majaribio ya mikoa kadhaa na kusahihishiwa swali kwa swali. Hapa nilipo, bureti moja wanaizunguka wanne. Mwalimu wa fizikia tuliyenaye ni wa kujitolea, analipwa posho kutokana na michango ya wazazi, na mchango ukichelewa naye anachelewa kuja. Vitabu vya rejea tunavyo, ila vinasomwa kwa zamu, na zamu ya usiku inategemea umeme.

Sasa chukua watoto wawili niliowafundisha, mmoja kila upande. Wa kule alipata One ya 3, yaani daraja la kwanza kwa A tatu (pointi zikiwa chache ndiyo ufaulu wa juu). Kijana mwenye akili sana, anataka kusomea uhandisi wa vifaa tiba ili mashine za hospitali zikiharibika zitengenezwe hapahapa badala ya kufungiwa stoo. Ni ndoto nzuri na namuombea aifikie. Wa hapa ni binti, alisoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), alipata One ya 7: B, B, C. Alitoka shule ya kata ya kutwa ambako kwa miaka minne alisoma sayansi bila kuingia maabara yenye maji. Sampuli za damu kutoka zahanati ya kijijini kwao hupelekwa mbali na majibu hurudi mgonjwa ameshahangaika vya kutosha. Kwa hiyo anataka kuwa mtaalamu wa maabara, na anasema atarudi wilayani kwake. Darasani kwangu alikuwa amewaacha wenzake mbali.

Kwa kigezo cha sasa, yule wa A tatu ndiye yuko kwenye nafasi ya kupewa fedha bila deni. Huyu wa pili ana mkopo, na siyo wa asilimia mia. Tuufuate mkopo huo hadi mwisho wake. Tangu sheria ya Bodi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Akianza na shilingi 800,000, kila mwezi 120,000 inaondoka kabla hajaiona. Nashukuru kwamba mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa, maana zilikuwa zinaumiza watu kweli. Lakini makato ya 15 yapo palepale. Tukisema bila kuzungukazunguka, taifa linamkopesha aliyekosa na kumpa zawadi aliyekuwa nacho. Sidhani kuna mtu alikaa akapanga iwe hivyo. Ndivyo hesabu inavyotoka pale alama zinapoangaliwa peke yake.

Na hapa kuna jambo ambalo nashangaa halizungumzwi. Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha utaratibu wa miaka mingi wa kutaja wanafunzi bora na shule bora kitaifa. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba hakuna tija kuwashindanisha wanafunzi waliosoma katika mazingira tofauti. Nilikubaliana nayo kabisa. Lakini kama mazingira tofauti yanatosha kutuzuia kusoma orodha ya kumi bora mbele ya waandishi wa habari, inakuwaje orodha ya namna ileile itumike kugawa fedha? Kutajwa jina hakumlishi mtu chuoni. Ufadhili unamlisha miaka mitatu, minne, mitano.

Najua hoja za upande wa pili na nyingine zina uzito.

Wapo wanaosema alama ndiyo haki pekee isiyo na upendeleo. Mtihani ni mmoja, wasahihishaji hawamjui mtoto wa nani, kila mmoja anavuna alichopanda. Mimi ni msahihishaji wa darasani kila siku, naheshimu mtihani. Ila mtihani unapima kitu kimoja: unajua nini siku hiyo. Haupimi umetoka umbali gani kukijua. Mwaka 1959 Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Kenya, na wenzake walipowasafirisha vijana 81 wa Kenya kwenda vyuo vya Marekani, maofisa wa kikoloni walinung'unika kwamba wengi wao hawakuwa na sifa za kuingia chuo cha Makerere, Uganda. Kwa kipimo cha wakati ule pengine kweli hawakuwa nazo. Mwaka uliofuata mpango uleule ulimchukua binti mmoja wa Nyeri ambaye shuleni alifaulu vizuri tu, Wangari Maathai, na mwaka 2004 akapata Nobel ya Amani. Lakini waliosafirishwa miaka ile hawakuwa akina Wangari watupu. Waliojenga utumishi wa umma na vyuo vya nchi ile baada ya uhuru wamo pia wale waliodharauliwa kwa vyeti vyao.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami imenifikirisha muda mrefu: umaskini haupimiki bila watu kudanganya. Sote tunajua barua ya serikali ya mtaa inavyopatikana. Bodi imelazimika kutaka vyeti vya vifo vya wazazi wa waombaji vihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa sababu zilizo wazi. Na kwa majirani, Kenya ilipoleta mfumo mpya wa kugharamia vyuo mwaka 2023, ukiwagawa wanafunzi katika makundi kwa kipato cha familia, malalamiko yalijaa: mtoto wa kibarua amewekwa kundi la wenye uwezo, na kinyume chake. Hilo ni onyo la kweli. Ndiyo maana sipendekezi tuanze kwa kupima kaya.

Napendekeza tupime shule. Shule haidanganyi kwa mhuri wa mtendaji. Baraza la Mitihani lina matokeo ya kila kituo kwa miaka yote. Wizara ya Elimu na TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) wanajua shule ipi ina maabara, ina walimu wangapi wa sayansi kwa wanafunzi wangapi. Chukua alama za mwanafunzi, zilinganishe na wastani wa shule yake kwa miaka mitatu iliyopita, uone amepanda juu ya wastani huo kwa kiasi gani. Fanya hivyo kwa kidato cha sita na kidato cha nne pia, nitaeleza chini kwa nini. Weka kiwango cha chini ambacho lazima kila mmoja akifikie, ili pasiwepo wa kusema tunapeleka vyuoni watu wasioweza. Juu ya kiwango hicho, mwenye pengo kubwa ndiye aanze.

Siyo ndoto za mchana. Jimbo la Texas kule Marekani lilipitisha sheria mwaka 1997 ikiwahakikishia nafasi katika vyuo vikuu vya umma wanafunzi walio katika asilimia 10 ya juu ya shule yao, iwe ya kitajiri au ya kimaskini. Sheria ile inahusu udahili, haitoi fedha, na imepingwa sana pia, lakini wazo lake la msingi ndilo hili: mlinganishe mtoto na waliokaa naye darasa moja. Karibu zaidi na sisi, mpango wa ufadhili wa Wings to Fly wa benki ya Equity kule Kenya imekuwa ikichagua wanafunzi wa sekondari tangu 2010 kwa kuangalia ufaulu na uhitaji kwa pamoja, na hakuna anayewaita vijana wale dhaifu.

Kuna atakayesema mbona Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala ni za serikali na zinafaulisha? Au atanikumbusha Kisimiri ya Arumeru, iliyoongoza kitaifa kidato cha sita mwaka 2016 ikizipita shule za ada kubwa. Nakubali, na walimu wa Kisimiri nawavulia kofia. Kwa hiyo mstari ninaouchora hauko kati ya serikali na binafsi. Ndiyo sababu nataka na kidato cha nne kiangaliwe. Mtoto aliyetoka shule ya kata isiyo na maabara akapata One na kupangiwa Ilboru, akikaa pale na wenzake wakali wastani wa shule utammeza. Historia yake ya kidato cha nne itamrudishia haki yake.

Na mwenye A tatu kutoka shule ya gharama kubwa? Apewe heshima yote. Aitwe jukwaani, apewe cheti na nafasi ya kwanza ya kuchagua kozi. Fedha kamili apewe kama pengo lake linamfikisha, asipofika aombe mkopo kwa utaratibu kama wengine. Mwalimu Nyerere mwaka 1964 aliwafananisha waliopewa nafasi ya kusoma na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Mfano huo kwa kawaida tunautumia kumkumbusha msomi wajibu wake wa kurudi. Mimi unanifanya niulize swali la kabla ya hapo: kijiji kikiwa na chakula cha mtu mmoja, kinampa yule aliyeshiba tayari?

NYONGEZA: Nimesoma michango yenu ya jana usiku, asanteni. Kuna watatu wamenigusa nawajibu hapa.

Mzazi aliyesema aliuza kiwanja kumsomesha mtoto shule binafsi na sasa mimi nataka kumwadhibu kwa kujinyima kwake. Ndugu yangu, pole, na hoja yako nimeipokea. Wapo wazazi wengi wa aina yako na kipimo cha shule peke yake hakiwaoni. Nadhani pawepo dirisha la rufaa kwa kesi kama yako, na kaya maskini zilizokwisha kuhakikiwa na TASAF (mfuko wa maendeleo ya jamii) ziingie moja kwa moja bila barua mpya. Lakini siwezi kukubali kwamba kwa sababu wewe ulijinyima, basi na mwenye majumba matatu apitie mlango uleule.

Aliyesema wazazi watahamishia watoto shule dhaifu ili wapate pengo kubwa: kidato cha tano cha serikali wanapangiwa na TAMISEMI, mzazi hana uhuru huo wote. Na mzazi wa uwezo akiamua kumwacha mtoto wake kwenye shule ya kata miaka minne, nitafurahi mno, maana atakuja kikao cha wazazi na maabara itapata maji.

Binti aliyeandika kwamba ni mnufaika, ametoka shule ya serikali ya mkoani, na anaogopa mjadala huu utawapa watu sababu ya kuufuta ufadhili wenyewe. Mdogo wangu, hofu yako ni ya haki, na ningejisikia vibaya sana kama maneno yangu yangetumiwa hivyo. Wewe ndiye ninayetaka waongezeke. Soma, usiangalie nyuma.

Sasa nawaachia uwanja. Ningependa hasa kusikia kutoka kwa walimu wa shule zenye kidato cha tano kipya: katika darasa lako la mwisho, aliyekuwa wa kwanza alipata One ya ngapi, na yuko wapi leo? Na kama kuna mtu wa Bodi humu, atuambie kama taarifa za shule za mwombaji zinaangaliwa kwa namna yoyote wakati wa kuchuja.