Mashine ya zamani ya kuchemshia mayai, mita haisomi kitu. Koili imekufa?

Mwanga_Juu:
Wakuu, habari za jioni. Nina mashine ya umeme ya kuchemshia mayai, ya zamani, ya kauri ya njano yenye kifuniko cha chuma. Chini inasomeka Hankscraft, Madison, Wisconsin, 120 V. Wati zimefutika. Plagi ni ya vipini viwili bapa, waya umevikwa kitambaa. Fundi hapa Mwanga, Kigoma, kaipima kwa mita, haisomi kitu, kasema koili imekatika. Mimi ndani sioni koili, naona kishimo chenye vyuma viwili tu. Bado sijaichomeka popote. Inatengenezeka? Maji ya kupikia hapa nyumbani ni ya mvua, maana ya bomba yanaacha weupe kwenye birika.

Mzee_wa_Fyuzi:
Vizuri hujaichomeka, na usiichomeke. Adapta za dukani hubadilisha umbo la vipini tu, umeme unabaki 230. Mashine ya 120 ukiipa 230 nguvu yake haizidi mara mbili, inazidi karibu mara 3.7, kwa sababu hupanda kwa mraba. Ya wati 400 itavuta karibu 1,470. Kauri inaweza kupasuka kabla yai halijapata joto.

Saketi_Ujiji:
Fundi hajakosea kupima, kakosea kutafsiri. Hiyo mashine haina koili wala haijawahi kuwa nayo. Vile vyuma viwili ni elektrodi: umeme unapita ndani ya maji yenyewe, na maji ndiyo yanayojichemsha. Yakikauka, njia ya umeme imekatika, mashine imejizima. Ndiyo maana haina swichi wala themostati. Mita isiposoma kitu ikiwa kavu, si dalili ya ubovu.

Pima hivi, ikiwa haijachomekwa: mimina vijiko 3 vya chai vya maji ya bomba (si ya mvua), weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), gusa vipini vyote viwili vya plagi. Namba itatokea na haitatulia, itapandapanda. Usiifanyie hesabu, unachotafuta ni kwamba ipo. Isipotokea, mwaga maji, gusa pini moja ya plagi na chuma kimoja cha ndani, kisha cha pili, halafu rudia kwa pini nyingine. Pini isiyosomana na chuma chochote ndiyo ambayo waya wake umekatika, na mara nyingi ni pale unapoingia kwenye kitako.

Mwanga_Juu:
Kwa ya bomba imesoma, inarukaruka. Nikajaribu ya mvua, namba ikawa kubwa mno. Kwa nini?

Saketi_Ujiji:
Hapo ndipo Kigoma tuna bahati. Maji yetu ya bomba ni ya Ziwa Tanganyika, yana madini mengi, hasa magnesi, na upitishaji wake wa umeme ni takriban maikrosimensi 600 hadi 700 kwa sentimita. Ya mvua hayana kitu ndani, umeme unapita kwa shida. Kwa mashine hii, maji ya mvua yatakaa vuguvugu nusu saa. Ule weupe unaoukimbia kwenye birika ndio unaochemsha yai hapa.

Kiini_Laini:
Si atie chumvi tu kwenye ya mvua?

Saketi_Ujiji:
Punje chache, za kushika kwa ncha za vidole viwili, tena kwenye glasi nzima ya maji, halafu apime kijiko kutoka humo. Akitia chumvi kwenye kishimo moja kwa moja, mkondo unaruka, maji yanatema, breka inaanguka. Ya bomba hayahitaji chumvi.

Bandari_255:
Kuhusu umeme kuna njia rahisi. Funga dayodi moja kwenye waya, inakata nusu ya umeme. Mafundi wa pasi wanafanya sana.

Mzee_wa_Fyuzi:
Bandari, hapana. Dayodi inakata nusu ya nguvu, lakini nusu ya 3.7 bado ni 1.8. Ubaya mkubwa ni mwingine: unabaki na mkondo wa upande mmoja. Ukiupitisha kwenye maji, elektrodi moja inalika na chuma chake kinaingia humo humo kwenye maji. Kwa pasi sawa, kwa elektrodi sahau.

Kinachotakiwa ni transfoma ya kushusha 230 hadi 110. Chukua ya VA 1000, kwa sababu namba za kwenye maboksi huwa na chumvi zake. Herzi 50 au 60 si tatizo hapa. Na iwe ya koili mbili zilizotengana. Jaribu dukani kwa mita, haijachomekwa: pini ya kuingilia na tundu la kutokea visisomane kabisa. Vikisomana, ni koili moja iliyogawanywa, maana yake maji ya yai yanabaki yameunganishwa na laini ya nyumba.

Waya wa kitambaa toa wote. Usiukwangue wala kuutikisa karibu na kitako, nyaya za enzi hizo nyingine zina asbesto. Loanisha, kata, funga kwenye mfuko. Weka waya mpya wa pasi, 0.75 mm². Plagi ya pini tatu iwe kwenye waya wa transfoma unaoingia ukutani, fyuzi ya 5 A. Hata hapo, kifuniko hakifunguliwi mpaka plagi imetoka ukutani.

Gungu_Jikoni:
Na mayai yenyewe jamani! Toboa kwa pini upande ule butu, palipo na hewa, lisipasuke. Mayai mengi yanataka maji MACHACHE kuliko yai moja, kwa sababu mvuke unagandia kwenye maganda baridi na kudondoka tena chini, unachemka upya. Watu wengi hugeuza hili.

Anza na vijiko 3 vya chai kwa mayai mawili ya kisasa, ongeza au punguza nusu kijiko, andika. Kiini laini ni maji kidogo, kigumu ni maji mengi. Ya kienyeji ni madogo, punguza. Ukihamia Tabora utaanza upya, maji yao ni mengine na kule juu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hapa ni 97 na ushee.

Ikipoa futa weupe kila mara. Ukiuacha unavika elektrodi, halafu utalalamika inachelewa. Ukishagandia: kijiko cha siki kwa vitatu vya maji, loweka dakika 20 bila umeme, sugua kwa mswaki wa zamani. Stilwaya usiguse.

Mwanga_Juu:
Asanteni sana. Transfoma niliyoonyeshwa sokoni pini na tundu vinasomana, omu sifuri kabisa.

Mzee_wa_Fyuzi:
Basi hiyo mwachie mwenyewe. Ulizia kwa mafundi redio. Za koili mbili ni nzito kuliko hiyo, utaijua ukiinyanyua tu.