Dawa ya presha ya mama: orijino au jeneriki?

Binti_Temeke: Wakuu, kwema? Mama anameza Norvasc ya miligramu 5 tangu aanzishiwe dawa. Leo famasi wamenipa jeneriki, yaani amlodipine ya kiwanda kingine, miligramu 5 vilevile, bei chini mara kadhaa. Nina hofu. Nani amewahi kubadili?

Jumbe_Pwani: Rahisi ghali, dada. Rudisha, kachukue orijino.

Mfamasia_wa_Zamu: Mkuu Jumbe, tusimtishe. Norvasc ni jina la kibiashara lililoanzishwa na kampuni ya Pfizer. Amlodipine ndiyo dawa yenyewe. Hataza ya mgunduzi, yaani haki yake ya kuitengeneza peke yake, ikiisha, viwanda vingine huruhusiwa kuitengeneza bila kurudia majaribio yote ya mwanzo, ndiyo maana bei hushuka. Wanachotakiwa kuthibitisha ni kwamba dawa inaingia kwenye damu kwa kiasi na kasi inayolingana na ile ya kwanza. Hakikisha imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Feki ni habari nyingine. Hata zenye majina makubwa hughushiwa.

Bi_Shufaa: Mwanangu, mimi naogopa jambo jingine. Mzee wangu alipewa ya jeneriki na kisanduku cha zamani hakijaisha. Akadhani ni dawa mbili. Hii asubuhi, ile jioni, karibu wiki mbili. Miguu ikavimba hadi viatu havipiti. Daktari aliviweka visanduku sambamba mezani, akatuonyesha kwa kidole maandishi madogo chini ya kila jina: amlodipine, amlodipine. Famasi hakuna aliyetuambia.

Jumbe_Pwani: Pole sana, Bi Shufaa. Na dawa za kifafa je? Mdogo wangu anatumia Tegretol.

Mfamasia_wa_Zamu: Hapo tahadhari yako ni ya haki. Carbamazepine (ndiyo hiyo Tegretol) na phenytoin za kifafa, na warfarin ya kuzuia damu kuganda: kiwango kikiyumba kidogo kwenye damu, degedege linaweza kurudi, au mgonjwa akavuja damu. Ukizoea ya kiwanda kimoja, baki nayo. Ukilazimika kubadili, daktari ajue kwanza.

Mjukuu_wa_Bibi: Msisahau ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mwaka 2001 Cipla ya India ilitangaza dawa tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka; zenye majina zilikuwa zimepita dola 10,000. Shangazi yangu anameza jeneriki miaka yote hii, na ndiye aliyenilea.

Binti_Temeke: Asanteni. Nimeandika AMLODIPINE kwa kalamu nene juu ya visanduku vyote viwili. Cha zamani kimebaki na vidonge vinne. Vikiisha ndipo nifungue hiki, kisha nampeleka mama kupima presha.